Namna Tulivyolinganisha Mashine Bila Kuziwasha

Kabla hujanihukumu, ndugu msomaji, naomba uelewe kwamba katika nchi yetu hakuna kitu kinachowashwa hivi hivi. Jina la nchi sitalitaja, maana siku hizi kulitaja kunahitaji kibali, na ofisi ya vibali bado haijazinduliwa. Fahari yetu sisi ni uzinduzi. Kisima kikichimbwa, hakitoi maji mpaka mgeni rasmi afike akate utepe. Pale hospitali ya wilaya kuna mashine ya kupigia picha mifupa, ina mwaka wa sita imefunikwa nailoni, na waliovunjika miguu hupelekwa kuitazama ili wapate moyo. Sheria ya Uzinduzi, kifungu cha nne, inasema wazi kuwa anayewasha kifaa cha umma kabla hakijazinduliwa atahesabika amejifanya mgeni rasmi. Kosa hilo ni kubwa kuliko wizi, kwa sababu mwizi angalau hahutubii.

Mimi ni katibu. Wakati mambo haya yanatokea sikuwa Katibu Mkuu, nilikuwa katibu tu, yule anayekaa pembeni ya meza na kalamu. Nilikuwa nimeandika mihtasari ya vikao kwa miaka kumi na tisa, mpaka hata mama mkwe wangu ananiita Katibu. Kazi ya katibu ni kuandika kilichosemwa. Kazi ya katibu mzuri ni kuandika kilichopaswa kusemwa. Nilikuwa katibu mzuri sana, Mungu anisamehe.

Chanzo kilikuwa ugomvi wa mashine za gemu. Vijana wetu waligawanyika pande mbili: waliocheza kwa mashine iitwayo Radi, na waliocheza kwa iitwayo Kimondo. Wa Radi walisema mashine yao ina nguvu. Wa Kimondo walisema mashine yao ina michezo mitamu. Ugomvi ukapanda kutoka kwa vijana ukawafikia wazazi, na kwenye msiba mmoja nilioshuhudia watu walitengana mpaka sufuria za pilau. Serikali yetu, iliyozoea kuwagawa wananchi yenyewe, ilikereka mno kuona wamegawanyika bila maelekezo.

Waziri wa Burudani na Nidhamu, Mheshimiwa Dokta Njugilo, akatangaza redioni kwamba taifa litakuwa na mashine moja, na ya pili itapigwa marufuku.

"Hatuwezi kuwa na furaha mbili katika nchi moja," alisema. "Wananchi watachanganyikiwa."

Ikaundwa Kamati ya Taifa ya Ulinganisho wa Mashine za Michezo. Mwenyekiti alikuwa Waziri mwenyewe. Wajumbe walikuwa wawili: Kanali mstaafu Mashombo, aliyeteuliwa kwa sababu baadhi ya gemu zina bunduki, na Profesa Siwema, bingwa wa historia ya mikeka, aliyeteuliwa kwa sababu ni profesa. Serikali ikanunua Radi moja na Kimondo moja, zikawekwa mezani mbele yetu na maboksi yake, zinang'aa.

Tukakwama palepale. Mashine zilikuwa mali ya umma, kwa hiyo zisingeweza kuwashwa kabla ya kuzinduliwa. Itakayozinduliwa ni iliyo bora. Iliyo bora itajulikana baada ya kulinganishwa.

"Samahani, Mheshimiwa Mwenyekiti," Profesa Siwema aliuliza, "tutazilinganishaje bila kuziwasha?"

Dokta Njugilo alimtazama kwa huruma. "Profesa, mimi nimeteuliwa kuwa waziri mara nne. Kuna mtu aliyeniwasha kwanza?"

Swali hilo likafungwa.

*

Tulianza na uzito. Tuliazima mzani wa mwuza nyama aliye mkabala na wizara, tukaufuta damu. Radi ikawa kilo nne na nusu, Kimondo kilo tatu na robo.

"Uzito ni heshima," alisema Mwenyekiti. "Andika, Katibu."

Nikaandika. Profesa Siwema akahesabu matundu ya kuchomekea waya: Kimondo ilikuwa nayo saba, Radi matano. Alidhani saba ni sifa. Kanali akamrekebisha kwamba kila tundu ni mlango wa adui. Kisha Kanali mwenyewe akazishika padi, vile vishikio vya kuchezea, moja moja, amefumba macho, amesimama wima. Alisema padi ya Radi imekaa mkononi kama kitu cha mwajiriwa, na ya Kimondo inateleza kama sabuni ya wageni.

Tukahamia kwenye maandishi ya boksi. Boksi la Radi lilisema teraflopu kumi na mbili. La Kimondo lilisema kumi. Hakuna mjumbe aliyejua teraflopu ni nini, na hakuna aliyekuwa mjinga kiasi cha kuuliza.

"Hizi teraflopu," Kanali alisema, "zitafika mikoani, au zitaishia hapa mjini kama kawaida?"

Mjadala huo ulikula asubuhi nzima. Iliazimiwa kwamba kumi zigawiwe kwa usawa na mbili zihifadhiwe kama akiba ya taifa. Kimondo ikaonekana haina akiba.

Boksi la Kimondo lilijisifu kwamba mashine inatoa picha mia na ishirini kwa kila sekunde. Mwenyekiti akavua miwani.

"Za nini zote hizo? Mwananchi wa kawaida picha thelathini kwa sekunde zinamtosha kabisa. Haraka haraka haina baraka."

Mwisho tulisoma orodha ya gemu. Kulikuwa na moja ya Kimondo ambamo mchezaji anajenga mji, na wakazi wa mji wakikosa maji wanaandamana. Dokta Njugilo aliisoma mara mbili, akalisogeza boksi chini ya meza kwa mguu. Kisha akanigeukia akasema Jumatatu anataka taarifa ya kitaalamu ya Sekretarieti kuhusu uwezo wa ndani wa mashine zote mbili. Sekretarieti nilikuwa mimi peke yangu.

*

Jirani yangu, ambaye tunachangia naye ukuta, anaitwa Zamoyoni. Mbele ya nyumba yake alikuwa na banda la gemu lenye mashine nne, zote Kimondo, ambazo watu walizitupa zikiwa mbovu yeye akaziokota na kuzifufua. Sijapata kumwona fundi kama yule. Mashine ukiipitisha nje ya mlango wake inaunguruma, anakuambia kinachoiuma kabla hujaiweka chini. Banda lile ndilo lililokuwa likimlisha yeye na mama yake, Bi Mwanakheri, ambaye macho yamemwishia. Kwa hiyo alijua, kuliko sisi wanakamati, nini kinatafutwa pale wizarani. Kimondo ikipigwa marufuku, banda limekufa.

Jumamosi mchana nilizifunga mashine mbili za umma ndani ya shuka nikampelekea.

"Dada Zamoyoni, nisaidie. Nataka kujua ipi bora, lakini isiwashwe."

Alicheka mpaka akaweka bisibisi chini. "Kaka Katibu, hiyo ni kuonja mboga kwa kuangalia sufuria."

Hata hivyo alizifungua zote mbili, akanionyesha kwa ncha ya bisibisi. Alinifundisha taratibu, kama mtu anayemwelekeza mgeni njia.

"Hii Radi nguvu inazo, hatuinyimi haki yake. Ona chipu yake ya picha ilivyo pana. Ila tazama feni: kadogo, na njia ya hewa wameibana. Ukicheza saa mbili itachemka, itapiga kelele kama mashine ya kusaga. Kimondo misuli yake ya kawaida, lakini imepangwa vizuri, haichemki. Na gemu zake nyingi watu wanne wanacheza kwa pamoja, padi nne, skrini moja. Radi ni ya mtu na chumba chake."

"Sasa ipi bora?"

"Inategemea unataka nini. Ukitaka picha kali, chukua Radi. Ukitaka nyumba ijae vicheko, Kimondo. Kwani lazima muue moja?"

Swali hilo halikuwemo kwenye hadidu za rejea.

Alizifunga tena. Hapo ndipo nilipofanya nilichofanya. Niliitazama Radi, kile kitufe chake kidogo cha buluu, nikasema hebu niione inavyowaka, mara moja tu.

"Usiwashe, Katibu. Hiyo ya umma."

"Nani atajua?"

Akatikisa kichwa, akaingia ndani kumpa mama yake uji. Nikachomeka waya, nikabonyeza. Skrini ikawaka buluu, ikaniuliza jina la mchezaji. Msomaji, nilikuwa peke yangu. Vidole vilikuwa vyangu, na jina langu nalijua tangu utotoni. Niliandika ZAMOYONI.

Aliporudi jina lilishapita, mimi niko uwanjani nacheza mpira. Nilicheza kwa saa tatu nzima. Nilifunga goli la kichwa nikasimama juu ya kigoda nikapiga kelele, mtu mzima mwenye wajukuu. Kwa miaka kumi na tisa nilikuwa nimeandika mafanikio ya watu wengine, na siku ile lilikuwa goli langu. Zamoyoni aliona nimeshaiwasha, akaona heri isiwe bure. Alikaa pembeni na karatasi ya daftari akiandika joto linavyopanda, feni ilipoanza kulia, picha ilipoanza kukwama. Jioni alinikabidhi ukurasa mzima.

"Wasomee hivi hivi, kaka. Wakiujua ukweli huu, banda langu litapona."

"Nitawasomea," nilisema. Nilimwahidi mbele ya mama yake, na mama yake akaniombea dua.

*

Jumatatu nilisoma ukurasa ule, juu yake nimeandika kichwa: Utafiti wa Sekretarieti. Sikumtaja fundi. Nilijiambia kwamba kumtaja kungemletea usumbufu.

"Mmeyajuaje haya yote bila kuwasha?" aliuliza Mwenyekiti.

"Kwa kutafakari, Mheshimiwa."

"Safi sana. Huo ndio utaalamu." Akaushika ukurasa wa Zamoyoni, akaupigapiga na kucha. "Hapa mnasema Radi inapiga kelele. Hilo ni jambo jema. Mwenye nguvu lazima asikike. Mnasema inachemka. Uongozi wote una joto. Na hii Kimondo, mnasema watu wanne wanacheza pamoja?"

"Ndiyo, Mheshimiwa. Padi nne."

"Wanne ni mkusanyiko," alisema Kanali.

"Na wanacheka," aliongeza Mwenyekiti kwa huzuni. "Wanne, ndani ya nyumba, mlango umefungwa, wanacheka. Wanamcheka nani?"

Radi ikapita. Ilipita kwa maneno ya Zamoyoni mwenyewe, yale aliyoniandikia ili banda lake lipone. Profesa Siwema alinitazama kana kwamba anasubiri niseme kitu, kwa sababu karatasi ilikuwa yangu. Niliandika: Wajumbe waliafiki kwa kauli moja. Kisha nikaomba chai.

*

Uzinduzi ulifanyika Uwanja wa Taifa. Mgeni rasmi alikuwa Mlezi wa Taifa mwenyewe, ambaye huzindua vitu vikubwa tu na vinavyoonekana kwenye televisheni. Radi iliwekwa juu ya meza yenye kitambaa cha rangi za bendera, ikaunganishwa na skrini kubwa kama ukuta wa shule. Kulikuwa na ngoma, halaiki, na bendi ya polisi.

"Kuna nchi zilianza na viwanda," Mlezi alihutubia. "Zikachoka. Sisi tumeanza na gemu. Anayecheza hasikii njaa, na asiyesikia njaa tumhesabu ameshiba. Kuanzia leo kila mwananchi atakuwa mshindi, na nimeagiza wataalamu waondoe sehemu ya kushindwa."

Watu walipiga makofi. Alikata utepe, akanyoosha kidole cha kuume, akabonyeza. Skrini ikawaka buluu. Yakatokea maandishi ambayo kila mtu uwanjani aliweza kuyasoma mpaka wale wa jukwaa la jua:

KARIBU TENA, ZAMOYONI. MARA YA MWISHO ULICHEZA KWA SAA TATU. UENDELEE ULIPOISHIA?

Feni ya Radi ndiyo iliyosikika peke yake. Mkuu wa bendi alichanganyikiwa akapiga wimbo wa taifa, na Kanali Mashombo, kwa mazoea, akaipigia saluti skrini.

"Nani huyu," Mlezi aliuliza kwa sauti ya chini, "aliyekaribishwa kabla yangu?"

Nilikuwa nimesimama hatua nne nyuma yake na daftari mkononi. Ningeweza kusema wakati ule. Nilichofanya ni kuangalia kushoto na kulia kama wengine wote, kana kwamba na mimi namtafuta.

*

Kamati yetu ilibadilishwa jina siku ya pili ikawa Kamati ya Uchunguzi. Mwenyekiti yuleyule, wajumbe walewale, katibu yuleyule. Zamoyoni aliletwa na askari wawili, mikono yake ina mafuta bado, maana walimkuta kazini.

"Wewe ndiye Zamoyoni?"

"Ndiye mimi."

"Jina lako lilifikaje ndani ya mashine ya taifa?"

"Jina sijui lilifikaje," alijibu. "Ila aliyeileta mashine kwangu ni huyo hapo, Katibu. Aliyeibonyeza ni yeye. Nilimwambia asiwashe. Muulizeni tu, ni jirani yangu, hatanisingizia."

Wote wakanigeukia. Dokta Njugilo hakuonekana kushangaa. Nadhani alishapiga hesabu kwamba katibu akiwa na hatia, na kamati ina hatia, na kamati ikiwa na hatia, ni yeye.

"Katibu," aliniuliza polepole, "kuna la kuandika hapo?"

Alinipa mlango, na ulikuwa wazi pande zote mbili. Nakumbuka Zamoyoni aliacha kuwatazama wao akanitazama mimi, hana wasiwasi kabisa. Nikainama nikaandika. Kwa desturi yetu muhtasari husomwa kwa sauti kabla mtuhumiwa hajatoka, kwa hiyo nilisimama nikausoma.

"Mtuhumiwa alikiri kuwa jina ni lake. Mengine hayakusikika vizuri."

Zamoyoni hakupiga kelele. Alitazama chini, na nilijua kabisa kwamba ananionea aibu mimi. Profesa Siwema alikohoa akatoka nje, hakurudi.

Hukumu ilisomwa mchana huohuo. Banda lilifungwa. Kimondo zake nne zikachukuliwa, zikapelekwa kuhifadhiwa kwenye chumba kimoja na ile mashine ya mifupa. Na kwa kuwa alijifanya mgeni rasmi, Zamoyoni alikatazwa kuwasha kifaa chochote, kikubwa au kidogo, cha umma au cha kwake, mpaka yeye mwenyewe atakapozinduliwa. Tarehe ya kumzindua itatangazwa. Ili isionekane kwamba serikali haina utu, ikaamriwa ateuliwe jirani mwenye rekodi safi awe anamwashia. Walipitia majina ya mtaa mzima. Rekodi safi kuliko zote ilikuwa yangu.

*

Huu ni mwaka wa pili. Nimepandishwa cheo, mimi sasa ni Katibu Mkuu wa Uzinduzi. Radi iliyozinduliwa imefunikwa nailoni kwa heshima ya kidole cha Mlezi, na nyingine haziruhusiwi kuuzwa mpaka ile ya kwanza ipoe. Ugomvi wa vijana umekwisha kabisa, maana hakuna anayecheza chochote. Serikali inauita umoja.

Kila siku jua likizama nasikia sauti ya Zamoyoni upande wa pili wa ukuta.

"Katibu! Njoo utuwashie taa."

Naenda. Nabonyeza swichi ya taa, nachomeka birika la umeme, nafungulia redio ya Bi Mwanakheri. Mwanamke aliyefufua mashine nne kwa mikono yake anasimama amefunga mikono nyuma, ananingoja nimalize. Kisha anasema asante. Ningependa anitukane. Nimelala na ile asante mara nyingi kuliko nilivyolala na mke wangu, na kila asubuhi naamka nayo ipo. Nina hatia, ndugu msomaji. Nilijaribu kuigawa na Waziri, na Kanali, na mtengenezaji wa mashine aliyeweka maneno ya kukaribisha watu, lakini yote ilirudi kwangu.

Juma lililopita niliandika. Niliketi ofisini nikaandika ukurasa mzima: shuka, bisibisi, kitufe cha buluu, lile jina, ile ahadi. Niliandika vizuri, kwa sababu kuandika ndiyo kazi niijuayo. Jioni aliponiita nilikwenda nao mfukoni. Niliwasha taa, nikampa karatasi.

Aliisoma chini ya taa, taratibu, mstari kwa mstari. Bi Mwanakheri aligeuza uso upande wetu akauliza kuna nini, Zamoyoni akamwambia ni barua ya Katibu.

"Umeandika vizuri," alisema alipomaliza. "Hata uji wa mama umeutia." Akaigeuza karatasi, akatazama nyuma yake, akaigeuza tena. "Jina liko wapi?"

"Nitaliweka."

Alivuta droo ya meza, akatoa kalamu, akaiweka mbele yangu. "Weka sasa, kaka."

Niliitazama ile kalamu. Ilikuwa kalamu nzuri tu, ya wino wa buluu. Nikamwambia kwamba hati za namna hii mtu wa cheo changu huzitia saini kwa kalamu ya ofisini, na ya ofisini nimeisahau.

Zamoyoni aliikunja ile karatasi mara mbili, akanirudishia, akaitia kalamu yake kwenye droo.

"Haya, Katibu," alisema. "Kesho usichelewe, mama uji unampoa."